Mshale Usio na Mkia

Jina la Mishale lilimpata kwa haki. Tangu alipoanza kusoma aljebra ya homolojia, nyumbani kwake hapakuwa na karatasi iliyosalimika. Nyuma ya bahasha, pembeni mwa kalenda, kwenye boksi la dawa ya meno, kote huko alichora herufi na mishale inayotoka herufi moja kwenda nyingine. Binamu yake alipenda kumtania kwamba siku moja mgeni ataifuata mishale ile akidhani inamwelekeza chooni, na hataonekana tena.

Ugonjwa huo aliambukizwa na shangazi yake, mama wa huyo huyo binamu. Shangazi alikuwa profesa wa hisabati. Ndiye aliyemlea Mishale tangu alipoingia sekondari, ndiye aliyemfundisha shahada ya kwanza na ya pili, na sasa ndiye aliyekuwa akimsimamia kwenye udaktari. Mwanzoni watu wa idara walinong'onezana kwamba mtoto wa kaka anabebwa. Walinyamaza wenyewe walipoona jinsi mtoto huyo wa kaka anavyosulubiwa ubaoni kuliko wenzake wote.

"Somo langu ni jepesi," Shangazi aliwaambia wanafunzi wapya wa uzamili kila mwaka. "Panga nyumba kwenye mstari. Kila nyumba ina wakazi, na wakazi wenyewe ni hesabu. Kati ya nyumba na nyumba kuna mshale unaowahamisha wakazi kwenda nyumba inayofuata. Sharti ni moja tu: ukipita mishale miwili mfululizo, uwe nani, uwe wa nani, unakuwa sifuri. Huo ndio mnyororo. Yaliyobaki ni udaku."

Wanafunzi wakicheka, yeye hacheki.

"Udaku kabisa. Tunataka kujua nani kapotea, yaani kafika mbele akawa sifuri. Halafu tunataka kujua nani kamleta. Kama kila anayepotea aliletwa na nyumba ya nyuma, mnyororo ni kamili, hauna habari, tukalale. Lakini mtu akipotea na hakuna aliyemleta, hapo kuna jambo. Homolojia ni kuwahesabu hao tu, waliopotea bila kuletwa."

Na alikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi wote waliiogopa. Hakumwambia mtu kamwe kwamba amekosea. Mwanafunzi angepeleka hoja yake ubaoni, mshale kwa mshale, naye angesimama kando, aweke kidole kwenye mshale mmoja, aulize taratibu, "Hapo umepitaje?" Kama umepita vizuri, unamweleza. Kama umeruka ukuta, unajikuta unatokwa jasho bila mtu kukugusa.

Mwaka huo Shangazi alikuwa anastaafu. Idara ikapanga kumuaga siku ya Ijumaa kwa mhadhara mmoja, kisha hotuba, kisha keki. Mhadhara wenyewe alipewa Mishale: utangulizi wa aljebra ya homolojia kwa wanafunzi wapya wa uzamili, uanzie kwenye mnyororo na uishie kwenye Kanuni ya Mkia.

Kanuni ya Mkia ndiyo iliyompa Shangazi jina. Aliigundua wakati binamu wa Mishale akiwa bado mtoto wa kunyonya, na mpaka leo anasimulia jinsi alivyoiandika kwa mkono mmoja, mwingine umembeba huyo bwana. Kwa watu wa kazi hii, mshale unaochorwa na mkia ni mshale usiopoteza mtu: wakazi wawili tofauti hawafikii mahali pamoja, na hakuna anayekuwa sifuri isipokuwa sifuri mwenyewe. Kanuni ilisema hivi: mnyororo fulani mrefu, ambao Shangazi aliuunda mwenyewe, ni kamili, na ukiuhamishia ulimwengu mwingine wowote wa hesabu, mikia haikatiki na mnyororo unabaki kamili. Watu waliitumia, waliisifu, walimwalika mbali kuizungumzia. Mkuu wa idara alikuwa ameagiza mchoro wa mnyororo huo ulivyo baada ya kuhama uchongwe kwenye ubao wa mninga, uwe ndiyo zawadi.

Jumatatu ya wiki hiyo Mishale aliwakusanya wanafunzi wapya kwenye chumba cha semina afanye majaribio ya mhadhara. Kilikuwa chumba chembamba, ubao wake umepauka katikati kwa kufutwa sana, na dirisha moja linafungika kwa kipande cha gazeti. Mbele kabisa alikaa mwanamke wa makamo aliyefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kurudi kusoma, na ambaye wenzake walimwita Madamu. Hakuacha kuuliza maswali, na Mishale alimpenda kwa hilo.

"Huko kuhamia ulimwengu mwingine," Madamu alisema, "mimi bado sijakuelewa, dada. Wanahamaje?"

"Tuchukue ulimwengu mdogo kuliko yote," Mishale akajibu. "Una wakazi wawili tu, sifuri na moja. Moja ukijumlisha moja unarudi sifuri. Ni kama swichi ya taa, ukibonyeza mara mbili umerudi ulikoanzia. Umeelewa?"

"Hapo sawa."

"Sasa huku kwetu, kwenye hesabu za kawaida, chora mshale wa kuzidisha kwa mbili. Una mkia au hauna?"

Madamu akafikiri. "Unao. Namba mbili tofauti ukizizidisha kwa mbili haziwezi kuwa sawa."

"Haya, uhamishie kule kwenye swichi. Moja inakwenda wapi?"

"Mbili." Madamu akatoa macho. "Eh! Lakini mbili kule ni sifuri. Moja imepotea! Na hakuna aliyeileta!"

"Umeona?" Mishale akacheka kwa furaha, maana hakuna raha kama kumwona mtu analiona jambo hilo kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo tuwe macho. Mshale unaweza kuwa na mkia huku, ukifika ng'ambo mkia ukawa umekatika. Hili ndilo kosa la kila mgeni wa somo hili. Msilifanye."

Akageukia ubao, akaanza kuandika Kanuni ya Mkia. Aliijua kwa moyo, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Hatua ya kwanza, ya pili. Kwenye hatua ya tatu akaandika: mshale huu una mkia, kwa hiyo hata baada ya kuhama...

Chaki ikasimama.

Akaisoma sentensi hiyo tena. Lilikuwa kosa lile lile alilotoka kuwaonya wasilifanye. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wananakili, na mmoja aliuliza kama neno la mwisho ni "kuhama" au "kuhamia".

"Kuhama," Mishale alisema. "Tuishie hapo kwa leo. Nina miadi."

Hakuwa na miadi yoyote. Alikwenda kwenye ofisi yake, ambayo ilikuwa nusu ya stoo ya viti vibovu, akafunga mlango na kuanza kutafuta njia. Pengine Shangazi alikuwa na sababu nyingine iliyofichika ya ule mkia kutokatika. Pengine mnyororo wake ulikuwa na ubora fulani unaoukinga. Akajaribu kwa ulimwengu wa swichi, akamfuata mkazi mmoja nyumba hadi nyumba, akampoteza. Akarudia kwa njia nyingine, akampoteza pale pale. Na hakuna aliyemleta.

Akaelewa pia kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuligundua jambo hilo. Wote walioitumia Kanuni waliitumia kwenye ulimwengu ambao mikia haikatiki hata ukiivuta. Huko ilikuwa kweli tupu. Uongo wake ulikuwa kwenye neno moja tu, "wowote".

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Ijumaa ilikuwa inakuja. Shangazi angekaa mbele, amevaa gauni lake la kitenge kipya, kusikiliza kanuni yake ya maisha kutoka kwa mtoto aliyemlea. Mishale angeweza kuisoma kama ilivyo, watu wapige makofi, keki ikatwe, na asingejua mtu. Au angesema kweli, na kumnyang'anya Shangazi kitu cha pekee ambacho dunia ilikuwa inamjua nacho, tena wiki ya kuagwa kwake. Alimpenda mwanamke yule kuliko mtu yeyote aliye hai. Wazo la kumwumiza lilimfanya atamani kuumwa homa ya wiki nzima.

Siku iliyofuata hakumwambia mtu. Jumatano pia alikaa kimya, na angeendelea kukaa kama binamu asingepiga simu.

"Niko kwa seremala," binamu alisema, na nyuma yake msumeno ulikuwa unalia. "Mchoro uliotupatia umefifia hapa chini. Fundi anauliza, huu mshale wa tatu una mkia au hauna?"

Mishale akavuta karatasi ya hesabu zake, macho yakatua kwenye mshale wa tatu.

"Unanisikia? Una mkia? Anataka kuchonga sasa hivi, ana kabati la mtu linamsubiri."

"Mwambie asubiri."

"Hasubiri. Huyu mzee ana maneno, ananiambia mshale gani una mkia, kwani ni panya? Haya, nimwambieje?"

"Hauna," Mishale akasema.

"Hauna?"

"Hauna mkia. Asiuweke."

Alipokata simu ndipo alipogundua kwamba ameshaamua. Shangazi angeutazama ubao ule mara moja tu na kuona. Hakukuwa tena na namna ya kupiga chenga. Alichukua mkoba wake akaondoka bila hata kufunga dirisha.

Alimkuta Shangazi sebuleni akipiga pasi gauni la Ijumaa, miwani imepanda kwenye paji la uso. Ukuta ambao watu wengine hutundika picha ya harusi, yeye aliweka ubao mweusi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona uso kama wa mtu aliyeachwa na basi?"

"Nina swali."

"La kazini au la nyumbani?"

"La kazini."

Shangazi akachomoa pasi ukutani. La nyumbani lingeweza kuulizwa pasi ikiendelea. Mishale akaenda ubaoni, akaandika mnyororo, akaandika hatua ya kwanza na ya pili na ya tatu, yote kwa utulivu, kama anayeandika kitu cha mtu mwingine. Kisha akaweka kidole kwenye mshale wa tatu. Alitaka kusema mambo mengi ya kulainisha, ya kuomba radhi, na yote yakamkauka mdomoni. Yakabaki maneno mawili tu.

"Hapo umepitaje?"

Shangazi akacheka. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kumrudishia swali hilo. "Angalia huyu! Si mshale una mkia? Sasa ukiuhamisha..."

Kicheko kikaisha. Akashusha miwani, akaja karibu na ubao, akachukua chaki mkononi mwa Mishale. Akajaribu kwa ulimwengu wa swichi. Kidole chake kilimfuata mkazi nyumba ya kwanza, mshale, nyumba ya pili, mshale, kikasimama. Alirudi nyuma akajaribu tena, polepole, kama anavyowalazimisha wanafunzi. Halafu akakaa kwenye mkono wa kochi, juu ya gauni lililokwisha kunyooshwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na ukaona uje wiki hii. Hukuweza kusubiri wiki ipite?"

"Ningeweza," Mishale akasema. "Lakini Ijumaa ningesimama mbele yako niseme uongo, na wewe unipigie makofi. Nisingeweza, Shangazi. Bora unichukie."

Shangazi alikuwa anautazama ubao, si yeye. "Nenda nyumbani, mwanangu."

"Shangazi, naomba..."

"Nimesema nenda. Niache kwanza."

Siku zote Shangazi alimsindikiza mpaka getini, na pale getini ndipo mazungumzo matamu yalipoanza. Siku hiyo Mishale alilifungua geti mwenyewe na kulifunga mwenyewe, akaenda akilia barabarani bila kujali nani anamwona.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mkuu wa idara alikuwa amefunga tai, ameshika karatasi za hotuba. Ubao wa mninga ulikuwa umetundikwa ukutani, umeng'aa kwa vanishi, na mshale wa tatu ulikuwa mtupu. Mkuu aliuona akamnong'oneza binamu kwamba seremala wake amesahau mkia. Binamu akajibu kwamba fundi kafanya alivyoagizwa, na kwamba akitaka ugomvi na yule mzee aende mwenyewe.

Shangazi aliingia mtu wa mwisho. Alikuwa amewekewa kiti cha heshima chenye mto. Akakipita, akaenda kukaa na wanafunzi wapya, ubavuni mwa Madamu. Hakumtazama Mishale.

Mishale akajikaza. Alieleza mnyororo, akaeleza waliopotea na walioletwa, akaeleza mkia na jinsi unavyokatika kwenye ulimwengu wa swichi. Wanafunzi walicheka walipotakiwa kucheka na wakanyamaza walipotakiwa kushangaa. Alikuwa ameshaamua: asingesema uongo, na ukweli haukuwa wake kuutangaza. Alipofika mahali pa Kanuni, akaweka chaki chini.

"Leo tutaishia hapa," akasema.

Minong'ono ikazuka. Mkuu wa idara akageuza karatasi zake kama anayetafuta iliyopotea. Kisha mkono ukanyooka kwenye safu ya wanafunzi.

"Mwalimu," Shangazi alisema. "Umeruka. Mimi nimekuja kuiona Kanuni ya Mkia."

Shangazi hakusubiri jibu, alinyanyuka, akapita kwenye magoti ya watu, akafika ubaoni. Aliandika mnyororo wake ulivyo baada ya kuhama, kwa mwandiko ule ule wa herufi kubwa ambao nusu ya watu wa ukumbini walijifunzia. Alipofika kwenye mshale wa tatu aliuchora bila mkia.

"Hapa," akasema akiwageukia watu, "niliandika kwamba mkia haukatiki. Niliandika uongo, nami sikujua. Aliyenionyesha ni huyu hapa."

Mkuu wa idara alizikunja karatasi zake mara mbili, akazitia mfukoni.

"Sitawadanganya," Shangazi akaendelea. "Siku ya kwanza nilimkasirikia yeye. Siku ya pili nikaukasirikia mkia. Leo asubuhi napiga mswaki nikajiuliza swali ambalo ninyi ndio ninaowauliza kila siku. Mkia umekatika, sawa. Sasa ni nani anapotea? Wako wangapi? Wako nyumba zipi?" Akatazama safu za mbele, na macho yake yalikuwa yamechangamka kama ya mtu aliyesikia kishindo kwa jirani. "Mimi sijui. Kuna anayejua?"

Hakuna aliyejua. Hapangeweza kuwa na anayejua, maana mpaka juzi kila mtu aliamini kwamba hakuna anayepotea.

"Basi njooni. Madamu, njoo ushike nyumba ya kwanza. Wewe mrefu, ya pili. Tunatumia swichi, sifuri na moja, hakuna hesabu nyepesi kuliko hiyo."

Wakaenda. Mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa kusukumana, wakapeana chaki, wakagombania nafasi. Nyumba ya kwanza akapatikana mmoja aliyepotea bila kuletwa. Nyumba ya pili hakuna. Ya tatu wakabishana mpaka Madamu akamwuliza yule mrefu, "Hapo umepitaje?" na yule mrefu akafuta alichoandika. Akapatikana mmoja. Ya nne hakuna. Mtu akasema kwa sauti, "Wanaruka! Nyumba moja yupo, nyumba moja hayupo!" na Mishale, ambaye alikuwa amesahau kabisa kwamba ana huzuni, akajikuta amepiga magoti sakafuni anaandika nyumba ya tano na ya sita chini kabisa ya ubao. Kwa nini wanaruka? Hakuna aliyeweza kusema. Binamu alikata keki mwenyewe, akaigawa kwa watu ambao hawakutazama wanachopewa, na Mkuu wa idara hakupata nafasi ya kuaga mtu.

Watu walipotawanyika, Shangazi alibaki amekaa mbele ya ubao, gauni jipya limejaa vumbi la chaki. Mishale akaja akakaa kando yake.

"Ulikuwa unaogopa nini zaidi?" Shangazi akauliza.

"Kukunyang'anya."

"Umeninyang'anya kweli. Na imeniuma, nisikufiche, bado inaniuma." Akamshika mkono akaubana, naye Mishale akaubana wa kwake, na wote wawili machozi yakawatoka bila aibu. Kisha Shangazi akajifuta kwa kiganja, akajipaka chaki shavuni bila kujua, akainua kidevu kuelekea ubaoni.

"Ulimwengu wa wakazi wawili tumeuona," akasema. "Kesho uje mapema, tujaribu wa watatu."